Han alifyatua kwanza: Ugomvi usioisha kati ya mashabiki wa Star Wars na mzee aliyeiunda

"Wewe umeona gani?"

Swali hilo niliulizwa nikiwa nimekaa juu ya kreti ya soda, ndani ya kibanda cha jamaa anayeuza movie mtaani kwetu. Ilikuwa ile miezi ambayo nilikuwa nimeshaacha chuo lakini nyumbani hawajui bado. Kila asubuhi natoka na begi mgongoni, nampungia mama mkono, naenda kukaa pale kibandani mpaka saa kumi jioni. Jamaa alikuwa anajazia watu flash kwa bei ya chai na mandazi mawili. Mimi kazi yangu, ambayo hakuna aliyenipa, ilikuwa kubishana na wateja.

Siku hiyo mteja alikuwa mzee wa miaka hamsini hivi, ametoka shifti ya usiku, ovaroli bado mwilini. Alitaka Star Wars ya kwanza kabisa, akamwonyeshe mtoto wake. Nikaanza kumweleza, ati Han Solo ni msee wa roho safi. Hata pale kwenye baa, nikamwambia, yule kiumbe wa kijani anayeitwa Greedo ndiye aliyemfyatulia risasi kwanza, akamkosa, ndipo Han akajitetea.

Mzee akacheka. "Kijana, Han hakungoja. Alimmaliza huyo jamaa akiwa amekaa, akamrushia mwenye baa sarafu, akaenda zake. Wewe umeona gani?"

Nikamwambia pengine amesahau, ni kitambo. Akaniambia pengine mimi nimeuziwa feki. Mwenye kibanda akaona biashara inaharibika, akafungua faili kwenye kompyuta, tukatazama sote watatu. Greedo akafyatua. Risasi ikapiga ukuta. Han akajibu. Mzee aliangalia ile skrini kama mtu aliyerudi ushago akakuta boma la babu yake limejengwa ghorofa. Hakusema kitu. Akalipa, akachukua flash yake, akaondoka.

Ilinigharimu wiki nzima ya bando kugundua kwamba mzee alikuwa sawa, na mimi pia nilikuwa sawa. Yeye aliiona kwenye kanda ya video miaka ya themanini, mimi kwenye faili. Tuliona filamu mbili tofauti zenye jina moja. Na huko Marekani watu wazima, wenye kazi na watoto na mikopo ya nyumba, wamezozana kuhusu zile sekunde chache tangu 1997.

Ngoja niwaeleze vile mambo yalifika hapo, maana hii stori ina utamu wake.

Star Wars iliingia kumbini Marekani tarehe 25 Mei 1977. George Lucas alikuwa na miaka 33. Kampuni ya 20th Century Fox haikuwa na imani sana na sinema ya maroboti na mapanga ya mwanga, na siku ya kwanza ilionyeshwa kwenye kumbi zisizofika 40 nchi nzima. Lucas alikuwa amekubali malipo madogo ya kuongoza. Alichodai badala yake ni haki za sehemu zitakazofuata na haki za kuuza bidhaa, yaani sanamu, fulana, mabegi na vikombe. Fox wakaona huyu kijana amejiuza bei ya jioni. Filamu ikalipuka, na vile vidoli vikamfanya tajiri kuliko wengi waliokuwa wamemwajiri.

Kwa nini alitaka hizo haki? Hapa ndipo mtu anafaa kumwonea huruma kidogo. Filamu yake ya kwanza, THX 1138 ya 1971, ilikatwa dakika kadhaa na Warner Bros bila yeye kupenda. Ya pili, American Graffiti ya 1973, ikakatwa tena, safari hii na Universal. Dakika chache tu, lakini ukiwa wewe ndiye umekaa usiku kucha ukiunganisha kila picha, mtu wa tai akija na mkasi inauma. Lucas akaapa hataguswa tena. Pesa za Star Wars zikampa uwezo wa kugharamia ya pili, The Empire Strikes Back ya 1980, kwa fedha zake na mikopo ya benki. Fox wakabaki wasambazaji tu. Akawa bosi wa kazi yake mwenyewe, kitu ambacho kila mtu anayeunda chochote, hata sisi wa kuandika blogu kwa simu iliyopasuka kioo, hukiota.

Shida ya kuwa bosi wa kila kitu ni kwamba hakuna aliyebaki wa kukuambia "hapana, hii wacha."

Sasa sikizeni hii. Mwaka 1988, Lucas alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kutoa ushahidi. Wakati huo kulikuwa na mtindo wa kuchukua filamu za zamani za rangi nyeusi na nyeupe na kuzipaka rangi kwa kompyuta ili ziuzwe upya kwa televisheni. Wasanii walikasirika. Lucas akasimama, akasema wanaobadilisha kazi za sanaa kwa faida au kwa kuonyesha nguvu ni washenzi. Akaonya kwamba teknolojia inakuja itakayowezesha kubadilisha waigizaji na kuweka sura mpya, kubadilisha maneno yao, na kuzifanya negativu za awali zipotee na mahali pake zichukuliwe na zilizochezewa. Alisema historia ya utamaduni wa watu haifai kuandikwa upya.

Alisema yeye mwenyewe! Mwaka uliofuata, Star Wars ikawa miongoni mwa filamu 25 za kwanza kuwekwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, chini ya Maktaba ya Bunge la Marekani.

Miaka tisa baada ya ile hotuba, Januari 1997, likatoka Toleo Maalum.

Lucas alikuwa ameona vile kampuni yake ya Industrial Light & Magic ilivyowapa uhai dinosau wa Jurassic Park mwaka 1993, akajua sasa kompyuta inaweza kumpa kile alichokosa 1977. Kwa hivyo akarudi kwenye filamu zote tatu. Akaongeza wanyama jangwani. Akamleta Jabba, ambaye kwenye ile ya kwanza hakuonekana kabisa, kwa kuchukua tukio la zamani lililopigwa na mwigizaji wa kawaida na kumfunika na konokono la kompyuta. Kwenye mji wa mawinguni akafungua madirisha ili tuone nje. Mwishoni mwa Return of the Jedi akatoa wimbo wa vile vidubu, akaweka muziki mwingine na sherehe za sayari nyingi. Na pale kwa Jabba akaweka nambari ya kuimba na kucheza ambayo, tuseme tu ukweli, hata harusi ya mtaani kwetu ingeikataa.

Watu walijaa kumbini. Hilo husahaulika. Toleo Maalum liliongoza mauzo Marekani, na vijana wengi waliiona Star Wars kwenye skrini kubwa kwa mara ya kwanza. Mimi mwenyewe yale madirisha ya mawinguni nayapenda. Mji ulikuwa kama korido za hospitali, sasa unapumua.

Lakini ile baa.

Kwenye filamu ya 1977, Han amekaa mezani. Greedo amemwelekezea bastola, anamwambia deni lake kwa Jabba limefika mwisho, na anafurahia kabisa vile atamuua. Han anaongea polepole, mkono mmoja unachezea ukuta, mwingine unashuka chini ya meza. Mlio mmoja. Moshi. Greedo analala mezani. Kwa hivyo hata ile kauli maarufu ya mashabiki, "Han alifyatua kwanza", si sahihi sana. Hakuna aliyefyatua wa pili. Han ndiye peke yake aliyefyatua.

Toleo la 1997 likamfanya Greedo afyatue kwanza, akiwa umbali wa meza moja, na akose. Kichwa cha Han kikasogezwa kwa kompyuta kidogo tu, kama mtu anayekwepa nzi. Halafu ndipo anajibu. Kwenye DVD za 2004 wakafyatua karibu kwa pamoja. Kwenye diski za Blu-ray za 2011 wakapunguza tena ule muda. Na huduma ya Disney+ ilipofunguliwa Novemba 2019, watu wakakuta Greedo ameongezewa neno moja kabla ya kufa, "maclunkey", badiliko ambalo Lucas alikuwa ameliacha tayari kabla ya kuuza kampuni. Mzee alikuwa bado anakarabati ile meza.

Najua kuna mtu hapa anauliza, na ni haki yake: kwani iko nini? Sekunde moja. Kiumbe wa mpira.

Iko hivi. Han Solo wa 1977 ni mtu unayemjua. Ni yule jamaa wa stage ambaye hata ukiwa rafiki yake unashika mfuko akikukaribia. Anabeba magendo, ana deni, anajali ngozi yake tu. Luke na wenzake wanapoenda kufa wakipigania kitu kikubwa, yeye anahesabu pesa zake na kuondoka. Ndiyo maana anaporudi dakika ya mwisho na ndege yake mbovu kumwokoa Luke, watu kumbini walisimama. Mtu amebadilika mbele ya macho yako. Ukimfanya kuwa mzuri tangu ile baa, aliyeua kwa sababu tu alirushiwa risasi, basi kurudi kwake ni mtu mwema amefanya wema. Sawa, lakini nani anasimama?

Lucas mwenyewe ameeleza kwa miaka mingi kwamba Han ni shujaa, angekuja kumwoa Leia, na shujaa wa aina ya John Wayne huwa haui mtu kabla hajachokozwa. Kufikia 1997 alikuwa amelea watoto watatu. Sitaki kumchambua mtu ambaye sijawahi kukutana naye, ila naweza kuelewa kijana wa miaka 33 akiandika mhuni, halafu baba wa miaka 52 akimtazama yule mhuni na kutamani angekuwa na adabu. Na kuna picha yake akiwa kwenye seti ya Indiana Jones mwaka 2007 amevaa fulana yenye maneno "Han alifyatua kwanza" kwa Kiingereza. Sijui kama huo ni ucheshi au kiburi. Mimi ningeinunua.

Mabadiliko ya 2004 ndiyo yanaumiza zaidi nikiyafikiria. Mwishoni mwa Return of the Jedi, Luke anaona mizimu ya walimu wake, na pembeni yao baba yake, Anakin. Mwaka 1983 sura hiyo ilikuwa ya Sebastian Shaw, mwigizaji mzee wa Kiingereza, ambaye dakika chache kabla tulimwona akifa mikononi mwa mwanawe baada ya ile barakoa nyeusi kutolewa. Kwenye DVD, Shaw kwenye ule mzimu ametolewa. Mahali pake amewekwa Hayden Christensen, kijana aliyeigiza Anakin kwenye filamu za baadaye. Shaw alikufa mwaka 1994. Aliyeongoza filamu hiyo, Richard Marquand, alikufa 1987. Hakuna aliyeweza kuulizwa. Rudi usome ile hotuba ya bungeni, pale aliposema teknolojia itawekea watu sura mpya.

Na hapa ndipo hoja ya "ni kazi yake, afanye atakavyo" inaanza kunilegea. Wanaomtetea Lucas wanasema, na wana hoja, kwamba bungeni alikuwa anawazungumzia wenye kampuni wanaonunua filamu ya mtu na kuichezea. Mwenye kazi akiibadilisha ni kama mwandishi anayesahihisha kitabu. Mwaka 2024, akipokea tuzo ya heshima kule Cannes, alishikilia hivyo hivyo: msanii ana haki ya kuifanya kazi yake iwe vile alivyoitaka.

Lakini sinema haipikwi na mtu mmoja. Empire iliongozwa na Irvin Kershner. Star Wars ya kwanza ilishinda Oscar ya uhariri, na waliopokea walikuwa Paul Hirsch, Richard Chew na Marcia Lucas, aliyekuwa mke wa George wakati huo. Ilishinda pia ya athari za picha, kwa kazi ya vijana waliojifunga bohari moja California wakibuni kamera ambazo hazikuwepo. Vile vyombo vya angani walivijenga kwa vipande vya vidude vya kuchezea watoto. Ukifuta picha zao na kuweka za kompyuta, umesahihisha kitabu chako au umefuta sahihi ya mwenzako?

Hata hivyo, nikisoma na kusikiliza mashabiki wa muda mrefu, wengi hata hawakasirikii mabadiliko yenyewe. Kazi kubadilika ni kawaida. Hata maneno "Episode IV" mwanzoni mwa ile ya kwanza hayakuwepo 1977, yaliongezwa 1981, na hakuna aliyevunja kioo. Steven Spielberg, rafiki ya Lucas, alifanya kosa lile lile. Mwaka 2002 alifuta bunduki za polisi kwenye E.T. na kuwapa redio za mkononi. Lakini toleo la zamani aliliacha lipatikane, baadaye akairudisha filamu ilivyokuwa, na mwaka 2023 akasema wazi kwamba hakufaa kuigusa. Yakaisha.

Lucas aliificha ile ya kwanza. Ili kutengeneza Toleo Maalum, negativu yenyewe ilifunguliwa na vipande vipya vikaunganishwa ndani yake. Mwaka 2004 alisema kwamba kwake yeye ile ya zamani haipo tena, na akawaomba radhi, kwa namna yake, wale waliopenda filamu ambayo anaona ilikuwa imefika nusu. Mwaka 2006 aliitoa kwenye DVD kama nyongeza, imechukuliwa kutoka nakala ya LaserDisc ya 1993, picha hafifu imezungukwa na weusi pande zote. Ni kama kumwomba mtu picha ya marehemu mamako aliyo nayo, akakupa fotokopi.

Kwa hivyo mashabiki wakaingia kazini. Kuna waliokusanya kila diski na kanda iliyowahi kutoka, wakaunganisha picha moja moja mpaka wakapata filamu inayokaribia ya 1977. Wengine wakatafuta zile reli za milimita 35 zilizoonyeshwa kumbini miaka hiyo, zimekwaruzwa, rangi zimefifia, wakazipitisha kwenye skana, wakasafisha vumbi kwa miaka. Kisheria ni wizi. Hawauzi, hawalipwi, na ukitazama kazi yao unaona hata punje za filamu. Nilipata nakala moja ya hizo kwa njia ambayo sitaieleza gazetini. Nilifika pale kwenye baa, nikaona mkono wa Han unashuka chini ya meza, nikajikuta nimeshika pumzi kama sijui kitakachofuata.

Sasa, nisiwapake mashabiki asali. Hawa watu wanaweza kuwa na roho mbaya ya ajabu. The Phantom Menace ilipotoka 1999, chuki iliyomwendea Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar Binks, ilimfikisha mahali pa kutaka kujiua. Aliyasema mwenyewe mwaka 2018. Jake Lloyd, mtoto aliyeigiza Anakin mdogo, aliacha kuigiza akiwa bado kijana sana. Mtoto! Kwa sababu watu wazima walihisi utoto wao umeguswa. Na ni mashabiki hao hao wanaosema kazi ya sanaa isiguswe waliochukua Phantom Menace, wakaikata kata, wakampunguza Jar Jar, wakasambaza toleo lao kwa fahari. Kumbe mkasi si mbaya ukiwa mkononi mwako.

Halafu wakati unapita, na kila rika linakuwa na lake. Sisi tulio kwenye ishirini hivi tulikua na zile filamu za baadaye, na wenzetu wengi wanazipenda. Revenge of the Sith iliporudishwa kumbini Aprili 2025, kutimiza miaka 20, watu walijaa. Na sisi wa hapa tuna kichekesho chetu. Tumelelewa na sauti ya DJ Afro ikimwongelesha muigizaji, ikimtukana adui, ikimpa kila mtu jina jipya, na hakuna siku tulisema filamu imeharibiwa. Tofauti ni kwamba ile ya awali ilikuwa bado ipo mahali. Ukitaka, unaenda unaitafuta.

Lucas aliuza kampuni kwa Disney mwaka 2012, kwa takriban dola bilioni 4. Wakaja na filamu mpya, Lupita wetu akawa Maz Kanata, na mashabiki wakapata watu wapya wa kugombana nao. Yule mzee waliyemchukia wakaanza kumkumbuka kwa upendo. Ndivyo tulivyo.

Nilikuwa nimepanga kumalizia hapo. Lakini nimeandika hii makala mara nne, na kila mara najikuta naitetea ile ya kwanza kwa hasira ambayo haitokani na Han Solo.

Nilipoacha chuo niliandika kitu kwenye blogu yangu. Wakati huo nilitumia jina la kubandika, hakuna aliyenijua. Niliandika usiku mmoja, makosa tele, matusi mawili matatu. Nilisema ukweli: mama alinitumia karo ya semista, shilingi 38,000, na nikaiweka yote kwenye bet kwa wikendi mbili. Nikaandika vile nilivyokaa kwenye kitanda cha hosteli nikiangalia simu, nikihesabu mechi zilizobaki.

Miaka miwili baadaye blogu ikapata watu. Nikaweka jina langu halisi, nikaanza kutafuta matangazo. Nikarudi kwenye ile makala na kuisafisha. Nikatoa matusi. Nikarekebisha sarufi. Na pale kwenye bet, nikaandika kwamba chuo kilipandisha karo katikati ya semista na kukataa kulipwa kidogo kidogo. Ilinichukua dakika tano. Sikuhifadhi nakala ya zamani. Ilikuwa pia ndiyo stori niliyokuwa nimemwambia mama, kwa hivyo kila kitu kikalingana vizuri.

Kwa lugha rahisi, nilimfanya Greedo afyatue kwanza.

Mwaka jana kijana mmoja aliniandikia. Alisema aliwahi kusoma kitu kwangu akiwa mwaka wa pili, akiwa ametafuna karo yake vile vile, na kwamba kilimfanya ampigie babake simu usiku huo huo na kumwambia. Sasa mdogo wake yuko kwenye shimo lile lile, alitaka kumtumia asome, lakini kila akifungua anakuta stori nyingine. Aliuliza kwa heshima sana, "Samahani kaka, ile ya kwanza iko wapi? Ama niliota?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilikumbuka ule uso wa mzee wa ovaroli. Bahati nzuri, jamaa alipekua simu yake ya zamani na kupata picha za skrini, sita, moja imekatika katikati ya sentensi. Nimeichapa upya neno kwa neno kutoka pale, na matusi yake, na pale palipokatika nimeacha pengo. Iko kwenye blogu tangu Jumatatu. Ile safi nimeiacha chini yake, na tarehe, ili mtu aone niliifanya nini.

Juni 2025, jijini London, walionyesha reli ya Star Wars ya 1977 mbele ya watu, jinsi ilivyokuwa. Tena filamu inatarajiwa kurudi kumbini mwaka 2027, ikitimiza miaka 50. Nilipita kwa kibanda kumwambia mwenyewe, akaniambia yule mzee huja bado, sasa mtoto wake ndiye anamchagulia.

Mama hana habari ya blogu. Lakini kila matatu ikipita pale chuoni, hulaani wale watu kwa kumnyang'anya mtoto wake masomo, na mimi huangalia dirishani. Makala za tovuti hii husomewa na dada yangu jioni, kwenye simu, akimenya viazi.

Dada, ukifika hapa, usimsomee. Nakuja Jumapili.